Kesho nayo yahitaji mlinzi: sheria za kuuza zamu katika mpira wa kikapu

JUBA – Usiku wa tarehe 25 Juni, 2025, katika ukumbi wa Barclays Center huko Brooklyn, New York, jina la kijana wetu Khaman Maluach lilisomwa likiwa la 10 katika orodha ya wachezaji wapya wa ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, yaani NBA. Kijana huyo wa miaka 18, mzaliwa wa Rumbek aliyekulia Uganda, alishindwa kuyazuia machozi. Wananchi waliokuwa wamemwona akiivaa fulana ya taifa katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, akiwa bado na miaka 17, hawakuwa na haja ya kuelezwa maana ya machozi hayo.

Lakini furaha hiyo iliambatana na kitendawili. Tangazo lilisema ya kwamba kijana huyo amechaguliwa na timu ya Houston Rockets. Muda si mrefu ikajulikana ya kwamba atachezea Phoenix Suns. Tena wajuzi wa mambo wakaongeza ya kwamba hata zamu iliyotumika kumchagua ilikuwa, kwa asili yake, zamu ya Phoenix. Msomaji ana haki ya kuuliza: yawezekanaje timu moja imtaje mchezaji, timu nyingine imchukue, na zamu yenyewe iwe imetoka kwa hiyo hiyo iliyomchukua?

Jibu limo katika sheria zinazotawala uuzaji wa zamu za miaka ijayo. Kwa juu juu sheria hizo huonekana kuwa mambo ya mawakili na matajiri wa nchi za mbali. Kwa undani zinahusu jambo ambalo kila askari na kila polisi analijua kazini mwake: ni kwa kiasi gani mtu aliyekabidhiwa dhamana kwa muda anaruhusiwa kuitumia mali ya wale watakaokuja baada yake.

ZAMU NI KITU GANI

Katika kandanda tunayoizoea hapa Juba, Kampala au Nairobi, klabu humsajili mchezaji kwa kupatana naye, au kwa kupatana na klabu anayotoka. Mwenye fedha nyingi huchukua mchezaji bora, na asiye nazo huambulia waliobaki.

Katika NBA utaratibu wa kuwapata chipukizi ni mwingine, nao huitwa drafti. Kila mwaka vijana wanaotaka kuingia katika ligi huorodheshwa pamoja, na timu zote 30 huwachagua mmoja mmoja kwa zamu, katika duru mbili. Timu zilizofanya vibaya msimu uliopita hutangulia, na zilizofanya vizuri hufuata nyuma. Tangu mwaka 1985 bahati nasibu hutumiwa kuamua mpangilio wa zamu za juu kabisa, ili timu isishindwe makusudi kwa tamaa ya kuwa ya kwanza. Timu ikishamtaja kijana, hiyo peke yake ndiyo yenye haki ya kufunga naye mkataba katika ligi hiyo.

Shabaha ya utaratibu huu ni kuinua wanyonge. Timu iliyo fukara mwaka huu hupewa nafasi ya kuwa na nguvu mwaka ujao, ili ligi isitawaliwe na matajiri wawili watatu milele. Hata mshahara wa kijana wa duru ya kwanza hupangwa kwa ngazi kulingana na namba aliyochaguliwa: wa 1 humzidi wa 10, na wa 10 humzidi wa 20. Kwa hiyo namba ya zamu ni jambo zito kwa timu na kwa kijana pia.

Sasa, kitu chochote chenye thamani hugeuka kuwa bidhaa. Timu zikaanza kuuziana zamu. Timu inayotaka mchezaji hodari leo humpata kwa kutoa zamu yake ya mwaka ujao, au ya miaka mitano ijayo. Hapana budi ifahamike vizuri ya kwamba kinachouzwa hapo si mtu, bali ni nafasi ya kuchagua. Aghalabu mtu mwenyewe hajajulikana bado. Pengine ni mtoto anayecheza vumbini, asiyejua hata kanuni za mchezo.

WANA WETU KATIKA SOKO HILO

Historia ya wana wa nchi hii katika NBA imefungamana na biashara hiyo. Marehemu Manute Bol, mwenye kimo cha mita 2.31, alitajwa kwanza mwaka 1983 na timu ya San Diego Clippers, lakini uteuzi huo ukabatilishwa na ligi. Akarudi katika drafti ya mwaka 1985, akachaguliwa wa 31 na Washington Bullets, na hapo ndipo ulipofunguka mlango ambao wengine waliupitia baada yake.

Luol Deng, mzaliwa wa Wau, ni mfano mzuri zaidi wa biashara ya zamu. Katika drafti ya mwaka 2004 jina lake lilikuwa la 7, na timu iliyomtaja ilikuwa Phoenix Suns. Hata hivyo Phoenix ilimtaja kwa niaba ya Chicago Bulls. Chicago ilitoa fedha taslimu, ikamtoa mchezaji Jackson Vroman aliyechaguliwa usiku ule ule akiwa wa 31, na ikatoa pia zamu yake ya duru ya kwanza ya mwaka uliofuata, 2005. Kwa maneno mengine, Chicago iliuza kesho yake ili impate Deng leo.

Je, ilikuwa biashara ya hasara? Hasha! Zamu ile ya 2005 ilipofika ilikuwa ya 21, na Nate Robinson aliyechaguliwa kwa zamu hiyo alihamishiwa New York usiku huo huo. Chicago kwa upande wake ilibaki na Deng hadi Januari 2014, naye akateuliwa mara mbili, mwaka 2012 na 2013, katika mchezo wa nyota wa ligi nzima. Mfano huu tuukumbuke, kwani unaonyesha ya kwamba kuuza zamu ya kesho si kosa kwa asili yake. Mkulima naye hutumia mbegu ya akiba akiona mvua imenyesha vizuri.

Bol Bol, mwana wa Manute, alipita njia iyo hiyo mwaka 2019. Alitajwa wa 44 na Miami Heat, kisha haki zake zikachukuliwa na Denver Nuggets kwa malipo ya fedha pamoja na zamu ya duru ya pili ya mwaka 2022. Baba alichaguliwa kwa zamu ya mwaka wake. Mwana alilipiwa kwa zamu ya miaka mitatu mbele.

MUUZAJI ALIYEIACHA SHERIA JINA LAKE

Kama biashara hii ingekuwa ikifanywa na wenye busara tupu, sheria zisingehitajika. Zilikuja kuhitajika kwa sababu ya mambo yaliyotokea katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Timu ya Cleveland Cavaliers ilikwisha anza kuuza kabla ya mmiliki huyo mpya kuingia. Februari 1980 iliitoa zamu yake ya mwaka 1982 kwa Los Angeles Lakers. Mwaka huo huo wa 1980 timu ikaingia mikononi mwa mfanyabiashara wa matangazo aliyeitwa Ted Stepien, naye akaendeleza uuzaji huo kwa kasi. Zamu za duru ya kwanza za miaka iliyofuata zilitolewa moja baada ya nyingine, na kilichopatikana kwa malipo hayo kilikuwa wachezaji wa kiwango cha kawaida. Ligi ilifikia hatua ya kuizuia Cleveland isifanye biashara yoyote bila idhini maalumu ya makao makuu.

Matunda ya uuzaji huo yalivunwa na wengine. Katika msimu wa 1981/82 Cleveland ilishinda michezo 15 tu na kushindwa 67, na kwa hali hiyo ilistahili kuwa miongoni mwa wa kwanza kuchagua. Lakini zamu haikuwa yake tena. Lakers, waliokuwa wametoka kutwaa ubingwa mwezi Juni 1982, wakaitumia zamu ya Cleveland kumchagua James Worthy akiwa wa kwanza kabisa. Bingwa akapewa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa! Worthy aliisaidia Lakers kutwaa ubingwa mwaka 1985, 1987 na 1988.

Hayakuishia hapo. Timu ya Dallas Mavericks, iliyokuwa changa wakati huo, ilitumia zamu zilizotoka Cleveland kwa miaka mitatu mfululizo: mwaka 1984 ikampata Sam Perkins akiwa wa 4, mwaka 1985 Detlef Schrempf akiwa wa 8, na mwaka 1986 Roy Tarpley akiwa wa 7. Wakati huo Stepien hakuwapo tena. Mwaka 1983 alikuwa amekwisha iuza timu kwa ndugu wawili, George na Gordon Gund. Wanunuzi hao waliikuta ghala tupu, na ligi ilibidi ikubali kuwauzia zamu za ziada za duru ya kwanza ili timu isife.

Ndiyo maana sheria iliyozaliwa na mkasa huo huitwa mpaka leo Sheria ya Stepien. Ni heshima ambayo hakuna kiongozi angependa kuachiwa.

SHERIA ZENYEWE

Sheria ya Stepien yasema hivi: hairuhusiwi kwa timu kufanya biashara itakayoiacha bila zamu yoyote ya duru ya kwanza katika miaka miwili ijayo inayofuatana. Timu yaweza kuuza zamu yake ya mwaka mmoja, lakini ni lazima iwe na zamu mwaka unaofuata, iwe ya kwake yenyewe au iliyopatikana kutoka timu nyingine.

Ndugu askari ataielewa sheria hii upesi kuliko wakili. Walinzi wawili waweza kubadilishana zamu ya lindo kwa ruhusa ya mkuu wao. Lakini hakuna mkuu mwenye akili timamu atakayeyakubali mabadilishano yatakayoliacha lango bila mlinzi usiku wa leo na usiku wa kesho. Usiku mmoja wa upungufu waweza kuvumiliwa kwa kuazima mtu. Usiku wa pili mfululizo ni mwaliko kwa adui.

Sheria ya pili ni ya mpaka wa muda. Zamu haiwezi kuuzwa zaidi ya miaka saba mbele. Kiongozi wa mwaka 2025, mathalani, hakuweza kuigusa zamu ya mwaka 2033. Bila mpaka huo angetokea mtu wa kuuza hata zamu za wajukuu.

Jambo la tatu ni kinga. Timu inayouza huruhusiwa kuweka sharti ya kwamba zamu ikiangukia miongoni mwa namba za juu, basi itabaki kwake, na deni litasogezwa mbele au kugeuzwa kuwa kitu kidogo zaidi. Hapa tena Luol Deng anatupatia mfano. Chicago ilipomhamishia Cleveland Januari 2014, miongoni mwa vitu ilivyopewa ilikuwa zamu ya Sacramento Kings ya duru ya kwanza, yenye kinga ya aina hiyo. Sacramento ikawa dhaifu mwaka hadi mwaka, zamu yake ikaendelea kuangukia juu, na kinga ikaendelea kuilinda. Mwishowe deni hilo likageuka kuwa zamu ya duru ya pili ya mwaka 2017, ambayo Chicago iliitumia kumtaja Jordan Bell na kisha kumwachia Golden State kwa fedha taslimu. Aliyedhani amenunua ng'ombe akakabidhiwa mbuzi, na kila kitu kilikuwa halali kwa mujibu wa mkataba.

Jambo la nne ni haki ya kubadilishana. Timu yaweza kuiambia nyingine: mwaka fulani tutalinganisha zamu zetu, nawe utachukua iliyo bora, mimi nitabaki na iliyo duni. Kwa kuwa timu ya kwanza bado imebaki na zamu, hata kama ni duni, Sheria ya Stepien haikuvunjwa. Huu ndio ufa ambao wenye haraka hupenya, kama tutakavyoona.

Sheria ya tano ni changa, nayo imetokana na mapatano ya mwaka 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji. Timu inayotumia fedha za mishahara kupita kizingiti cha juu kilichowekwa hufungiwa zamu yake ya duru ya kwanza ya mwaka wa saba mbele, hairuhusiwi kuiuza. Ikirudia kosa hilo katika misimu miwili kati ya minne inayofuata, zamu hiyo husukumwa hadi mwisho wa duru, hata kama timu itakuwa ya mwisho katika ligi nzima.

SAFARI YA ZAMU YA KHAMAN

Tukiwa na maarifa hayo, tukitegue kile kitendawili cha mwanzo.

Februari 2023 timu ya Phoenix ilikuwa imepata mmiliki mpya, Mat Ishbia, naye alikuwa na shauku ya ubingwa. Ikamchukua Kevin Durant, mmoja wa wafungaji wakubwa katika historia ya mchezo huu, kutoka Brooklyn Nets. Bei yake ilikuwa wachezaji kadhaa, wakiwamo Mikal Bridges na Cam Johnson, pamoja na zamu za duru ya kwanza za mwaka 2023, 2025, 2027 na 2029, na haki ya kubadilishana zamu ya mwaka 2028.

Msomaji aangalie miaka hiyo kwa makini: 2023, 2025, 2027, 2029. Kwa nini imerukwa mmoja mmoja? Ni kwa sababu ya Sheria ya Stepien. Phoenix iliuza kila kilichoruhusiwa kuuzwa. Kisha, mwezi Juni mwaka huo huo, ikamchukua Bradley Beal kutoka Washington, na katika malipo yake ikatoa haki za kubadilishana zamu za mwaka 2024, 2026, 2028 na 2030. Miaka ya witiri ikawa imeuzwa, na miaka ya shufwa ikawa imewekwa rehani. Januari 2025 ikaitoa na zamu ya 2031 kwa Utah Jazz, ikapewa zamu tatu zilizo duni zaidi. Hakuna kifungu kilichovunjwa; lakini ghala la karibu miaka kumi lilikuwa limekwisha funguliwa milango.

Ubingwa haukuja. Mwaka 2023 Phoenix ilitolewa katika hatua ya pili ya mtoano. Mwaka 2024 ilitolewa katika hatua ya kwanza na Minnesota bila kushinda hata mchezo mmoja. Mwaka 2025 ilishinda michezo 36, ikashindwa 46, na haikuuona mtoano wenyewe. Katika miaka hiyo mitatu makocha watatu walifukuzwa mmoja baada ya mwingine: Monty Williams, Frank Vogel na Mike Budenholzer. Mwezi Mei 2025 meneja mkuu James Jones naye akaondolewa katika kiti hicho, akashika Brian Gregory.

Wakati huo zamu ya 2025 ilikuwa safarini. Kutoka Phoenix ilikuwa imekwenda Brooklyn. Mwezi Juni 2024 Brooklyn ikaikabidhi Houston haki ya kuichukua. Kwa kuwa Phoenix ilianguka, zamu hiyo ilipanda thamani mpaka ikawa ya 10. Ndipo Phoenix, ikiwa imechoka, ilipoamua kumtoa Durant, naye akaenda Houston. Miongoni mwa malipo iliyopewa Phoenix, pamoja na wachezaji Jalen Green na Dillon Brooks, ilikuwamo ile zamu ya 10. Mapatano yalitangazwa siku chache kabla ya drafti, lakini yalitiwa muhuri Julai 2025, yakiwa yamehusisha timu saba. Ndiyo sababu Houston ilimtaja kijana wetu kwa niaba ya mwingine.

Phoenix ikawa imeinunua tena zamu yake yenyewe, na bei ilikuwa yule yule mchezaji iliyemnunua kwa zamu hiyo. Zamu ilizunguka miaka miwili na miezi, ikarudi nyumbani na kijana wa Rumbek mkononi.

Fikiri jambo hili, ndugu msomaji. Siku zamu hiyo ilipouzwa kwa mara ya kwanza, Khaman Maluach alikuwa na miaka 16, akisoma na kufanya mazoezi katika chuo cha NBA Academy Africa huko Senegal. Hakujua, na hakuna aliyejua, ya kwamba watu wazima katika vyumba vya mbali walikuwa wakipatana bei ya siku atakayoitwa jina. Hii ndiyo sababu hasa ya kuwapo kwa sheria. Kesho haina mdomo wa kujitetea mezani pale inapouzwa.

ALIYEUZA SIYE ALIPAYE

Wapo wasemao ya kwamba kila timu iachiwe ifanye itakavyo. Mjinga na alipe ujinga wake. Hoja hii ina upungufu mmoja mkubwa. Katika biashara ya zamu anayelipa si yule mjinga. Stepien hakulipa, waliolipa ni akina Gund, wachezaji waliorithi timu dhaifu, na wananchi wa Cleveland walionunua tiketi. Kocha au meneja wa leo, akijua ya kwamba asiposhinda mwaka huu atafukuzwa, ana kila sababu ya kuuza zamu ya mwaka 2031, kwa kuwa mwaka 2031 yeye hatakuwapo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Ubaya ni kwamba hapa mmoja hucheza harusini, na mwingine hukaa matangani.

Yupo pia anayefaidika kwa subira. Julai 2019 timu ya Los Angeles Clippers ilimtaka Paul George wa Oklahoma City Thunder, ikamtoa kijana Shai Gilgeous-Alexander, pamoja na zamu tano za duru ya kwanza na haki mbili za kubadilishana. Moja ya zamu hizo ilileta Jalen Williams mwaka 2022. Tarehe 22 Juni, 2025, Oklahoma City ilitwaa ubingwa wa NBA ikiongozwa na Gilgeous-Alexander huku Williams akiwa bega kwa bega naye. Paul George alikuwa amekwisha ondoka Clippers bila ubingwa.

Lakini tusiende kwa upande mmoja tu. Ligi ya besiboli ya Marekani imechagua njia ya kukataza: zamu za kawaida haziuzwi, isipokuwa zile chache za nyongeza zilizowekwa kusawazisha ushindani. Usalama umepatikana, lakini nafasi ya mwenye busara kufanya alichofanya Chicago kwa Luol Deng imepotea pia. Sheria ya NBA imeshika njia ya katikati: uza, lakini usimalize; kopa, lakini kwa mpaka; na kila sharti liandikwe na kuthibitishwa na ofisi ya ligi kabla halijawa na nguvu.

Mafunzo ya kijeshi ya nchi zote yana kanuni isemayo ya kwamba kamanda asitupe vitani akiba yake yote kwa mara moja, hata ushindi ukionekana umbali wa hatua chache. Akiba si mali ya shambulio la leo peke yake. Ni bima ya jambo lisilojulikana. Kamanda aweza kutumia sehemu yake kwa ujasiri, na historia humsifu akifaulu. Anayeimaliza yote hubaki na matumaini, na matumaini hayalindi daraja.

Tena kanuni hiyo yatuhusu hata tusipokuwa na timu. Askari anayechukua bidhaa dukani kwa ahadi ya mshahara ujao anafanya biashara ile ile ya Phoenix kwa kipimo kidogo. Si vibaya kukopa dawa ya mtoto mgonjwa. Vibaya ni kukopa mwezi huu, na mwezi ujao, na ule wa tatu, mpaka siku ya mshahara ikawa siku ya mwenye duka. Ajiwekee Sheria yake ya Stepien: miezi miwili mfululizo isipite bila kubaki na kitu mkononi kwa ajili ya wale wanaomtegemea. Mkuu wa ghala naye, anapokabidhi ofisi, ajiulize swali moja tu: atakayenifuata atakuta nini rafuni?

Kwa sababu ilipita kizingiti cha matumizi katika msimu wa 2024/25, Phoenix imefungiwa zamu yake ya mwaka 2032. Haiwezi kuiuza kwa wakati huu. Mtoto wa Juba au Wau aliyekuwa na miaka 12 mwaka 2025 atakuwa na 19 mwaka huo wa 2032, umri ambao kijana huruhusiwa kuingia katika drafti. Hakuna ajuaye jina lake. Lakini zamu ipo, imefungwa kwa kufuli, inamngoja. Na kufuli hilo liliwekwa na watu waliokubali kujizuia wenyewe.